Nesi Aliyemtaka Mama

Shoga, nimejifungia chooni hapa nyumbani na sitoki.

Nimeenda zahanati kuomba vidonge vya kupanga uzazi. Mtandio hadi puani kama mwizi. Nesi kaacha mlango wazi, sauti kama anauza samaki: "Miaka kumi na saba unataka vidonge? Kamlete mama yako."

Benchi zima la wanaosubiri likageuka kunitazama.

Halafu nasikia huko nyuma: "Mama yake ni mimi."

Mama. MAMA YANGU. Yule wa "ukiona mvulana, vuka barabara". Kumbe alikuwa mwisho wa benchi, naye kajitanda hadi puani, anasubiri sindano yake ya kupanga uzazi. Asubuhi nzima tumekaa benchi moja hatujuani.

Nikajua leo nimekwisha. Akaja mpaka mezani, hata hakuniangalia.

"Mpe," akamwambia nesi. "Mimi kwa umri wake nilinyimwa hapa hapa. Mwaka uliofuata nikarudi na huyu, kumpima uzito."

Huyu ndiye mimi, shoga. Mimi ndiye mfano.

Nesi kafungua droo. Vidonge ninavyo. Sijui nimetetewa au nimetukanwa.

Ngoja, mama anagonga mlango. Anauliza kama nimeshameza.