Taa Iliyobomoa Ukuta

Bungoma,
6 Julai 1991

Kwa Mama Mkwe Mheshimiwa,

Pokea salamu za heshima kutoka kwetu sote. Sisi tu wazima. Mjukuu wako Mukhisa amepona surua, na mama yake anaendelea kufundisha. Natumaini goti limekupa nafuu, na kwamba mahindi yako yameanza kutoa mbelewele.

Tangu nilipomwoa Sellah, binti yako wa pekee, mila yetu Wabukusu haijaturuhusu wewe nami kutazamana usoni wala kuketi chumba kimoja. Sijalalamika. Barua haina uso, na kwa njia hiyo tumesemezana kuliko wakwe wengi wanaoishi kijiji kimoja.

Kuta za nyumba yetu mpya zimefika kwenye linta, juu ya milango na madirisha. Sebule inatazama barabara. Kando yake kipo chumba chako, kama ulivyoomba, chenye mlango wake wa nje, ili uzeeni uje ukae karibu na mwanao bila wewe na mimi kukutana. Hilo niliahidi, nalo linasimama.

Sasa nina ombi. Nimesikia kuwa vyombo vya marehemu yule mjenzi Mwitaliano wa hapo Kitale vinauzwa, na kwamba miongoni mwake kuna taa mbili kuukuu za vioo, zile za kuning'inia darini ambazo watu wa pwani huziita thuria. Zilitoka kwao Italia kabla ya vita. Naibu mkuu wa chuo, kama nilivyo sasa, hupokea wageni, na sebule yake humtangulia kusema. Wewe una jicho lisilodanganyika. Tafadhali zitazame, uniandikie ni ipi iingie kwetu.

Mkweo,
Walubengo


Kitale,
19 Julai 1991

Mkwe wangu mpendwa,

Nashukuru kwa salamu, na nafurahi kwamba Mukhisa amepona. Goti langu sasa linatabiri mvua vizuri kuliko redio, kwa hiyo nimeamua kuliheshimu.

Taa nimeziona. Mlinzi wa nyumba ile ni Kipkoech, ambaye shamba lake limepakana na langu. Alizifunua blanketi, akaigusa moja kwa fimbo.

"Mwalimu, hii kubwa ukiiwasha, jogoo wote wa Bungoma watawika mkikula chakula cha jioni."

"Basi iwashe nione."

"Wapi, Mwalimu! Stima ilikatwa mzee akiwa bado anakohoa."

Hivyo nilizitazama kwa mwanga wa dirisha, na mwanga wa dirisha hauna upendeleo. Kubwa ina mikono kumi na miwili ya kioo cheupe chenye chembe za dhahabu ndani yake, na maua na majani ya kioo kila mahali. Nilipitisha kidole nikitafuta mshono wa kalibu, nisiupate. Mikono haifanani sawasawa, dalili kwamba ilipulizwa kwa pumzi ya mtu. Ndogo ina mikono sita, rangi ya asali, na jani moja limemeguka ncha. Nyaya za zote mbili zimevikwa kitambaa kilichooza; zibadilishwe kabla ya lolote. Ndoano nayo ifungwe kwenye boriti, wala si kwenye ubao wa dari.

Ushauri wangu ni ndogo. Kubwa hudai dari ya juu na nafasi ya kuizunguka. Katika sebule yako itakuwa mgeni mnene aliyepewa kiti cha mtoto. Ndogo itamfaa anayesoma, wala haitamwaibisha anayekula.

Kuhusu chumba, nakushukuru. Mimi ni mjane wa peke yangu, na pale kwenye josho la ng'ombe watu wameanza kusalimiana kwa kuchagua kabila.

Mama yako mkwe,
Dinah


Bungoma,
14 Agosti 1991

Kwa Mama Mkwe Mheshimiwa,

Salamu nyingi. Sisi ni wazima, nasi twakuombea vivyo hivyo.

Ushauri wako niliusoma kwa makini, na kwa sehemu kubwa nitaufuata: nyaya zitabadilishwa, na ndoano itakaa kwenye boriti. Lakini taa nimeichagua kubwa. Wewe mwenyewe umeandika kuwa kikwazo chake ni nafasi, na nafasi hupatikana. Fundi wangu Wekoye ameinua dari na kuubomoa ukuta wa kando, na chumba kile cha pembeni kimeingia sebuleni.

Nakuomba ulitazame jambo hili kwa utulivu. Unayo nyumba yako, shamba lako na jina lako huko Kitale. Tena, wapo wazee watakaouliza ni mila gani inayomlaza mama mkwe chini ya paa la mkwewe, hata akiwa na mlango wa nje. Kwa kukiondoa chumba, tumewanyima swali.

Sellah amenuna. "Baba Mukhisa," aliniambia mbele ya mafundi, "kwa hivyo chumba cha mama umempa mgeni wa vioo?" Natumaini utamwandikia neno la kumtuliza.

Tafadhali msimamie Kipkoech wakati wa kuifunga taa hiyo. Gari la chuo litapita kuichukua.

Mkweo,
Walubengo


Kitale,
2 Septemba 1991

Mkwe wangu,

Hamjambo nyote? Mimi sijambo.

Taa imefungwa. Kila mkono umeviringishwa peke yake kwa maganda ya mahindi, na masanduku yameandikwa upande wa juu. Wakati wa kuiunganisha, anzeni na nguzo ya katikati.

Mila uliyoitaja naijua. Ndiyo iliyonifanya niombe mlango wa nje.

Sellah sitamwandikia neno la kumtuliza. Ni mtu mzima, na aliona alichokiona.

Mama yako mkwe,
Dinah


Bungoma,
28 Desemba 1991

Kwa Mama Mkwe Mheshimiwa,

Heri ya Krismasi. Barua zangu mbili hazijapata jibu, na habari tunazozisikia kutoka pande zenu si njema. Twasikia mashamba yamechomwa na watu wamehama.

Taa tuliiwasha sikukuu. Wageni walisimama mlangoni kabla ya kuketi, na mkuu wa chuo alisema hajaona kitu kama hicho hata Nairobi. Nayaandika haya kwa sababu wewe ndiwe uliyeikagua. Sellah hakuketi nasi, alikula jikoni.

Nilimtuma dereva wa chuo aje kwako. Alirudishwa njiani na polisi. Tafadhali tuandikie hata mstari mmoja.

Mkweo,
Walubengo


Kimilili,
9 Februari 1992

Mkwe wangu,

Salamu kwako, kwa Sellah na kwa mjukuu wangu. Mimi ni mzima wa mwili.

Nyumba yangu iliungua, pamoja na ghala. Waliowasha moto sikuwatambua, na sitakisia. Kipkoech alinipitisha katika shamba lake, na mkewe akanificha jikoni kwake hadi gari la kanisa lilipofika. Walijua wangefanywa nini kama ningepatikana. Huyo mwanamke alinipa sweta yake, akanisuta kwamba miaka yote nilikuwa namnyima mbegu ya maharagwe. Tulicheka, tukaambiana tunyamaze.

Sasa nalala katika darasa la shule ya kanisa pamoja na akina mama wengine. Mchana nawafundisha watoto waliopo.

Siandiki kuomba. Sebuleni kwako siwezi kuketi. Nikikaa jikoni kwa binti yangu, wewe hutaweza kunywa chai nyumbani mwako. Nyumba isiyo na mahali pa kunificha nawe usinione hainifai, hata iwe kubwa namna gani. Sitakuja. Mwambie Sellah nina blanketi.

Mama yako mkwe,
Dinah


Bungoma,
15 Machi 1992

Kwa Mama Mkwe Mheshimiwa,

Tumshukuru Mungu kwa uhai wako. Sisi ni wazima.

Barua yako niliisoma kwa sauti mezani. Sellah alisikiliza hadi mwisho, akainuka, akaizima taa.

"Soma tena," akasema.

"Mama Mukhisa, sioni."

"Hata yeye haonwi. Soma."

Asubuhi nilimwita Wekoye. Alicheka hadi akaegemea toroli. "Baba Mukhisa, huu ukuta wako ni ng'ombe, wa kutolewa na kurudishwa zizini?" Majirani walikuja kusimama uani, na kila mmoja alitaka kuelezwa. Niliwaeleza.

Ukuta umerudi pale pale ulipokuwa. Mlango wa nje umefunguliwa, na plasta imekauka. Ndoano ya taa sasa imebaki shibiri moja kutoka ukutani, mahali ambapo mikono ile haiwezi kuenea. Kwa hiyo taa imeshushwa. Sebule ina balbu moja, nayo inatosha.

Nilikuwa nimeandika mengine hapa, nikayakata. Njoo. Sellah atakuja kukuchukua Jumamosi. Mimi nitakuwa sokoni tangu asubuhi, na sitarudi kabla hujafunga mlango wako.

Mkweo,
Walubengo


Bungoma, chumba cha pembeni,
25 Aprili 1992

Kwenu nyote mlioketi sebuleni, kupitia kwa mkwe wangu, ambaye namwomba awasomee pasipo kuruka neno:

Mchungaji, wazee, majirani, wanangu, nawasalimu. Je, hamjambo? Walio wagonjwa nyumbani wanaendeleaje? Mimi sijambo.

Mmekuja kuiombea nyumba hii, nami nimo ndani yake, nyuma ya ukuta ulio mkono wa kushoto wa mchungaji. Mkisikia kikohozi, hiyo ni amina yangu.

Nasikia wengine mmeinua macho darini mkiitafuta taa ya Kiitaliano, na mmeona balbu. Msimcheke mwenye nyumba. Taa ile ni kazi njema. Mimi niliyemshauri aiache nilisimama chini yake huko Kitale nikasahau goti langu. Kuipenda halikuwa kosa.

Lakini niruhusuni niseme hili mbele yenu. Alipoubomoa ukuta huu, alikuwa yeye na fundi wake. Alipoujenga upya, nyinyi mlikuwa mmesimama uani mkiuliza, naye aliwajibu mmoja mmoja. Wanaume wengi wa cheo chake wangeniachia lile darasa la Kimilili kuliko kujibu maswali yenu.

Tangu nifike hajaniona, nami sijamwona. Hukohoa kabla ya kuvuka ua, nami hurudi ndani. Mila haijadhurika, na mjukuu wangu ana wa kumsahihisha hesabu.

Yaliyobaki ni kuwapa mkono kila mmoja wenu, na mkono hauandikiki. Basi, mkwe wangu, ukifika hapa kunja karatasi umpe mchungaji. Pitia mlango wa jikoni, uende hadi langoni, wala usigeuke. Chai yako Sellah atakuletea huko.

Natoka.

Mama yako mkwe,
Dinah