Ayala Kumi na Mmoja na Neno Moja

Yeoville, Johannesburg
Agosti 2017

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti lako limepata nafuu na Mama haendi tena kliniki peke yake. Mwili wangu ni mzima, ila kuna jambo limenipata kazini. Nakwambia wewe kwanza kwa sababu ulikuwa bwana mifugo na utanielewa.

Maabara ninayofanyia ukarani hupima damu ya ayala, wale wa kwenye Zaburi, wenye pembe kama matawi. Kuna shamba nje ya mji lenye ayala waliokamatwa porini. Ng'ambo kuna ugonjwa unaokula ubongo wao polepole, hauna dawa. Huku haujafika, lakini mwenye shamba anaogopa. Vipimo vilionyesha kwamba wengi wamezaliwa na urithi unaowafanya waupate upesi. Kumi na mmoja tu wana urithi unaouchelewesha. Hao ndio wangezalishwa.

Wafanyakazi wa shamba ni Wakongo, nikaambiwa niwaandikie orodha kwa Kiswahili. Juu ya namba za wale kumi na mmoja niliandika: "Ayala sugu." Nilimaanisha wanaostahimili. Mwenye shamba naye alikuwa amewaagiza kwa mdomo tu wawaue wale wa hatari.

Waliwapiga risasi wote kumi na mmoja.

Msimamizi wao, Mzee Bahati wa Bukavu, alinipigia simu. "Binti yangu, ku radio banasemaka ugonjwa sugu: sukari, presha. Sisi tukasema hizi ndizo zenye ugonjwa wa siku mingi. Tulikosea wapi?"

"Hamkukosea, Mzee."

"Basi umwambie patron, mwenye shamba. Ye anasema mi sijue kusoma. Mi nilikuwa mwalimu, eh!" Akacheka, nami nikashindwa kucheka naye.

Jana kwenye kikao mkubwa wangu wa maabara aliniuliza kama orodha ilikuwa sawa. Nikajibu ilikuwa sawa. Sasa Mzee Bahati anafukuzwa Jumatatu, na chumba anacholala na mkewe ni cha shamba.

Baba, nililisoma neno lile mara tatu kabla ya kulituma, na mara zote niliona ni sahihi. Jumatatu asubuhi nitamwahi mkubwa wangu mlangoni nimwambie kosa ni langu. Naogopa sana. Kibali changu cha kukaa huku kinategemea kazi hii.

Nisalimie Mama, dada mkubwa na wanawe, na shangazi wa jirani. Wakiniona narudi kabla ya mwaka kwisha, waambie sikuiba kitu.

Binti yako,
Neema