Shemeji Ameizamisha Nyambizi Yangu

Mwenzangu, nina hasira mpaka basi. Shemeji ameizamisha nyambizi yangu! Ile ya rimoti, niliyoijenga miezi minane kwenye meza ya kulia!

Leo nimeipeleka bwawani, klabu yetu nzima ya vyombo vya rimoti imesimama ukingoni. Imezama vizuri, imefika katikati, mara rimoti ikakosa mawasiliano. Mimi hata sikushtuka. Nikawatangazia kwa mbwembwe, "Tulieni, ikipotea hivi kichupa cha gesi kinafunguka chenyewe, kinasukuma maji nje ya tangi, inaibuka."

Tukangoja. Yakatoka mapovu matatu. Matatu! Halafu kimya.

Ndipo huyu kaka wa mume wangu, mdomo umejaa karanga, akasema, "Kwani ile gesi ilikuwa na kazi? Juzi nilijazia tairi la baiskeli."

Tairi la baiskeli!!

Nikamuuliza, "Na kichupa kitupu ukakirudisha mahali pake?"

Akanijibu bila haya, "Mimi si mwizi, shemeji."

Mwenyekiti wa klabu akaangua kicheko. Mume wangu naye eti, "Msamehe, hakujua." Hakujua nini? Nimeandika juu ya kichupa kwa wino mwekundu, USIGUSE!

Nimewavua viatu wote wawili, mume na kaka yake. Sasa hivi wako kwenye maji ya kifuani, wanapapasa tope kwa nyayo. Mume wangu anapiga kelele kuniuliza kama alichokanyaga ni nyambizi au jiwe.

Nimemwambia azame akaangalie.