Sahihi ya Edinah

Kitale, Jumapili

Kwako Baba Mdogo Levi,

Huku tuko salama. Ng'ombe wa mama alizaa Jumanne. Daktari wa mifugo alifika na pikipiki kabla chai haijachemka.

Nimeona orodha ambayo kanisa lenu la Sirisia lilipeleka bunge la kaunti, ati ya majina na sahihi za wanawake wanaopinga mswada wetu, ule wa kumruhusu mwanamke kupanga uzazi bila sahihi ya mume. Wewe ndiye katibu. Ulinakili majina kutoka daftari la kwaya, si ndiyo? Basi ungefuta kwanza waliokufa. Namba kumi na tisa ni dada yangu Edinah.

Edinah aliomba sindano ya kupanga uzazi, kliniki ikamwambia alete sahihi ya mume. Mume akakataa, ukamuunga mkono. Mimba ya sita ikamuua Machi. Na ni wewe uliyemsomea wasifu kaburini!

Orodha nimeiweka kwa blogu yangu, pamoja na picha ya msalaba wake. Waheshimiwa wawili wameshanipigia. Usitume mtu kuniomba niitoe.

Akiwa hai, sahihi yake mlisema haitoshi. Amekufa, ndiyo mnaihitaji.

Nabwile, binti wa ndugu yako