Hodi kwenye Duka la Magari

Mjukuu wangu Rehema,

Salamu kutoka Mtoni. Bibi yako hajambo, ila goti. Mie nimebakiwa na meno ya kuchekea tu. Umeuliza uwafanyeje watu wanaokuja dukani kwenu kutazama magari bila kununua.

Enzi za Mwingereza, baba yangu alipenda magari kuliko alivyonipenda mie. Macho yake yalikuwa yanafifia, akatamani aone gari jipya kwa karibu kabla hayajazima kabisa. Nikampeleka mjini, kwenye duka la magari. Mlangoni akavua viatu, kama anaingia nyumbani kwa mtu.

"Hodi!"

Muuzaji alikuwa ameketi ndani. Akazitazama kanzu zetu zenye viraka, akarudi kwenye gazeti lake. Baba hakumwona.

"Hodi wenyewe! Hodi!"

Kwetu, hodi ya tatu isipoitikiwa, unaondoka.

"Wametoka, eti?"

"Wametoka, Baba."

"Basi tutarudi Jumamosi. Si vizuri kuingia kwa watu wenyewe hawapo."

Jumamosi aliamka akaniuliza mbona hakujakucha. Jua lilikuwa limejaa chumbani.

Wewe wakaribishe, mama. Waache watazame mpaka watosheke.

Babu yako,
Salum