Fomu Iliyomfuta Bi Rukia

Maalim Abubakar,

Shikamoo, ijapokuwa najua huitikii. Ni mimi Kahindi, karani uliyemfundisha kazi.

Nyumba yako inataka kuvunjwa. Nyumba yako, Maalim. Mkeo, Bi Rukia, aliikuta notisi imebandikwa mlangoni, akaileta ofisini ameikunja ndani ya buibui. "Kahindi mwanangu, nisomee, labda mimi sijaelewa." Nikaisoma. Nikairudia. Mwenye kiwanja amepewa idhini ya kuondoa jengo lisilo na mwenyewe.

Lisilo na mwenyewe. Mpaka sasa maneno hayo hayajaniingia.

Tangu utuache, ofisi yetu ya mji na ile ya ardhi zimeafikiana kupeana habari za viwanja kwa fomu moja, ili mtu asidaiwe kodi huku na huku. Kunakili nikapewa mimi, nikavimba kichwa. Daftari letu lilifuata nyumba, lao lilifuata ardhi. Na wajua kwetu Malindi: ardhi ya fulani, nyumba ya mwingine, na watu wamezeeka hivyo. Ile fomu ina nafasi ya mwenyewe mmoja tu. Nikaandika mwenye ardhi, mtaa mzima. Nilipofika kwa Bi Rukia nikalikata jina lake daftarini kwa rula, mstari umenyooka kabisa, nikageuza ukurasa.

Wewe ulikuwa ukitoka kila Jumatano na baiskeli, jua la utosi, kuuliza nyumba hii ya nani na ardhi ya nani. "Daftari halina macho, Kahindi." Nami nilikuwa nikikucheka na wenzangu. Sikukuambia ukiwa hai.

Bi Rukia hakunigombeza. Alikunywa maji, akanishukuru kwa kumsomea. Hajui kuwa ni mimi. Laiti angenitukana.

Kesho kamati ya mji inakaa. Nitaingia na daftari letu la zamani, niseme ni nani aliyekata majina yale, na niwaambie fomu iwe na nafasi mbili, ya ardhi na ya nyumba. Wakinifukuza, basi. Lakini kwanza nitapita kwa mkeo nimwambie kwa kinywa changu.

Buriani, Maalim. Mungu akurehemu. Nakuahidi mkeo hatalala nje maadamu mimi nina paa. Na akiniuliza mbona nilimfuta, naye ndiye aliyekuwa akinipakulia chakula cha mchana miaka yote ile, nitamwambia kweli: nilitazama fomu, sikumtazama yeye.

Kahindi