Kimya cha Hamse

Jumatatu, 2 Juni 1997

Daktari Qali wa chuo kikuu amenifuata tena hapa mtaani Iftin, Garissa. Mzaliwa wa mji huu huu, lakini kwa kukulia Nairobi Kisomali chake ni cha jikoni tu – basi namtafsiria. Utafiti wake: mahakama hupimaje majuto? Na hadithi ya kubuni, je, yaweza kuyaonyesha pale mdomo unapokataa? Nilikuwa hakimu Baardheere, kwetu Somalia, kabla ya vita. Swali hili halinipi utulivu.

Jumatano, 4 Juni

Gerezani. Hamse, mchunga ngamia wa Buna, alimuua mwenzake Abdiwali wakigombea zamu ya kunywesha ngamia. Ameshatiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, imebaki adhabu. Qali alimwomba atunge hadithi yoyote. Akatunga: wachungaji wawili kisimani, mmoja anamwachia mwenzake zamu, anarudi na ngamia wenye kiu, kambi nzima inamcheka. Nyingine? Ileile, kisima kingine. Kila mara yule wa pili anakunywa na kwenda zake, mzima.

Qali aliweka kalamu chini.

Ijumaa, 6 Juni

Tumebishana baada ya swala. Anataka Hamse atamke majuto mahakamani. Nilimweleza: wazee wa pande mbili wameshakubaliana fidia ya ngamia. Kwa mila yetu mwuaji hasemi mbele ya wafiwa. Wazee wake humsemea. Akifungua kinywa mwenyewe, ni kama anawadhihaki.

– Jaji hayajui hayo, Adeer, – alisema Qali, akiniita ami. – Ataona jeuri tu. Atamfunga maisha.

Kweli. Na langu pia ni kweli. Chai ilipoa.

Jumatatu, 9 Juni

Naandika nje ya mahakama. Leo mkalimani wao ni mimi. Jaji alimwuliza Hamse kama ana la kusema. Nikatafsiri. Kimya, macho chini. Akauliza tena. Kimya. Jaji akaanza kuandika. Qali alinikazia macho – lakini nimeapa kutafsiri yanayosemwa, basi.

Ndipo Weris, mama wa marehemu, akasimama kule nyuma. Askari akamwambia aketi; hakuketi. Akanielekea mimi, si jaji.

– Muulize. Mwanangu alisema nini mwisho?

Nikamtafsiria jaji. Hamse akainua kichwa, mara ya kwanza. Mfiwa mwenyewe akiuliza, kunyamaza ndiko dharau. Midomo yake ilikuwa inafunguka wakili wa serikali alipopinga, na jaji akaahirisha hadi saa nane, aamue kama swali linaruhusiwa.

Qali anazunguka uani. Weris ameketi karibu nami, amekataa maji. Anautazama mdomo wangu, kana kwamba jibu la Hamse litatoka humo.